Viongezi Ni vya Bure: Basi Pesa Yako Inaishia Wapi?

Mwezi uliopita mpwa wangu anayekaa Kisauni alinipigia simu jioni. Kuna mtu alikuwa akimuuzia "pakiti ya makro" za World of Warcraft kwa dola 12, na bei, alivyoambiwa, ingepanda Jumapili.

"Mjomba, nilipe?"

Nikamwambia asubiri niione kwanza. Akanyamaza kidogo, nikajua keshalipa.

Tulilifungua faili pamoja. Lilikuwa na makro tisa. Tatu zilikuwa na mstari mmoja tu, unaoita uchawi ambao tayari una kitufe chake kwenye skrini. Mbili zilikuwa za aina ya mhusika ambayo yeye haichezi. Moja ilikuwa imekatika katikati ya neno, kwa sababu makro ya mchezo huu haizidi herufi 255 na aliyeiandika hakuhesabu. Tatu zilizobaki zilikuwa nzuri, na zote tatu ningemwandikia kwa dakika kumi huku tukinywa chai.

Dola 12 ni zaidi ya shilingi 1,500 za Kenya. Kwa kijana anayenunua bando kwa kuhesabu siku, hiyo ni pesa. Kwa hiyo nimekaa nikaandika haya, kwa ajili yake na kwa yeyote ambaye wiki hii anataka kuupanga mchezo huu kwa mkono wake: kuhamisha vitufe, kuongeza alama kwenye ramani, kupunguza kazi ya vidole. Shika hili mapema. Viongezi vya mchezo huu ni vya bure kwa kanuni, na makro ni za bure kwa sababu zimo ndani ya mchezo wenyewe. Anayedai pesa kwa jina la kimoja kati ya hivyo anakuuzia saa moja ya kujifunza ambayo ungeitumia mwenyewe, au anakuuzia hatari.

Tuelewane maneno. Kiongezi, ambacho wachezaji wengi wanakiita tu "adoni", ni folda ndogo ya maandishi ya programu, yameandikwa kwa lugha ya Lua, na mchezo huyasoma unapowaka. Hubadilisha kile unachokiona: mifuko ikawa mmoja mkubwa, bei za mnadani zikapangwa, njia ikachorwa kwenye ramani. Makro ni fupi zaidi. Ni mistari michache ya amri unayoiandika mwenyewe ndani ya mchezo, kisha unaiburuta mpaka kwenye kitufe.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mchezo ulitoka Novemba 2004, na kwa miaka kadhaa watunzi wa viongezi walifanya walivyoona. Kile cha ramani na misheni kiitwacho Carbonite kilikuwa na toleo la kulipia. Machi 2009 Blizzard, kampuni ya Irvine, California, yenye mchezo, ikatoa kanuni: kiongezi kisiuzwe, msimbo wake uwe wazi kwa yeyote kuusoma, kisiweke matangazo, na kisiombe michango ndani ya mchezo. Carbonite kikawa cha bure. Kanuni hiyo ndiyo ngao yako ya kwanza unapoambiwa "lipa kidogo, nikufungulie toleo kamili".

Ada ya kuingilia

Gharama kubwa ni kuingia mchezoni, na hapo kuna mlango wa bure ambao wauzaji hawakuambii. Toleo la kuanzia ni la bure kabisa mpaka mhusika wako afike kiwango cha 20. Lina mipaka: huwezi kutumia mnada, huwezi kufanya biashara na wachezaji wengine, na dhahabu yako ina kikomo. Lakini makro zinafanya kazi na viongezi vinafanya kazi. Kwa mtu anayetaka kujifunza kupanga skrini, viwango 20 vinatosha kabisa. Kaa humo wiki mbili kabla ya kutoa hata senti.

Ukiamua kulipa, bei ya Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi na ya Ulaya ni euro 12.99. Afrika hakuna seva, kwa hiyo wengi wetu tunacheza kwenye seva za Ulaya. Ukilipia miezi sita kwa mkupuo, bei ya Marekani inashuka mpaka dola 12.99 kwa mwezi, yaani dola 77.94 zikutoke siku moja. Unaokoa dola 12 kwa nusu mwaka. Kwa mwenye kipato cha mwezi hadi mwezi, mimi nasema usifunge pesa yote hiyo kwenye kitu ambacho hujui kama utakipenda. Lipa mwezi mmoja. Ukiona mwezi wa tatu bado unacheza, hapo ndipo punguzo lina maana.

Kuna kitu kinaitwa tokeni, kilichoanza 2015. Mchezaji mwenye pesa huinunua kwa dola 20 akaiuza mnadani kwa dhahabu ya mchezo. Mwenye dhahabu huinunua na kupata siku 30 za kucheza. Utasikia watu wakisema "mimi silipi, nacheza kwa tokeni". Ni kweli, ila dhahabu hiyo hukusanywa kwa saa nyingi na mtu aliyekwisha kuujua mchezo. Anayeanza hatafika huko mwezi wa kwanza wala wa pili. Na usije ukainunua kwa pesa taslimu ukidhani ni njia ya kulipia mwezi wako mwenyewe. Utakuwa umetoa dola 5 za ziada bure.

Kitu kingine: ada ya mwezi tayari inajumuisha matoleo yote ya zamani, pamoja na Classic, ile sura ya kale ya mchezo iliyorudishwa 2019. Toleo jipya kabisa ndilo hununuliwa kando, na bei yake ya kawaida ya chini ni karibu dola 50. Anayejifunza halihitaji. Akikwambia mtu kwamba bila toleo jipya huwezi kutumia viongezi, hakuambii kweli.

Na ikiwa hata ada ya mwezi ni nzito? Final Fantasy XIV ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha siku, mpaka kiwango cha 70, na makro zimo ndani, mistari 15 kila moja. Kasoro zake ni mbili. Kanuni zao zinakataza programu za nje, kwa hiyo viongezi hutajifunza kihalali. Na tendo ukiliweka ndani ya makro halipangi foleni kama unapolibonyeza moja kwa moja, hivyo vitani linachelewa. Elder Scrolls Online nayo hununuliwa mara moja, haina ada ya lazima ya mwezi, na inaruhusu viongezi vya Lua, lakini makro zake yenyewe haina. Ukitaka kujifunza vyote viwili kwa pamoja, World of Warcraft bado ndiyo darasa kamili, na darasa la kwanza ni la bure.

Anza na kilichomo ndani

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kupakua viongezi ishirini siku ya kwanza. Skrini inajaa, hajui kipi kimefanya nini, na kikiharibika kimoja anafuta vyote.

Tangu Oktoba 2022, wiki chache kabla ya kutoka toleo la Dragonflight, mchezo una hali yake ya kuhariri skrini. Unafungua menyu, unachagua hali hiyo, na kila kitu kinazungukwa na fremu unayoweza kuiburuta: safu za vitufe, ramani ndogo, picha ya adui, orodha ya kundi. Kabla ya hapo kazi hiyo ilihitaji kiongezi kizito. Sasa hakihitajiki, isipokuwa kwa mtu anayetaka mapambo.

Juni 2025, kwa sasisho la 11.1.7, kikaongezwa kisaidizi cha mapigano. Kinaangaza kitufe kinachofaa kubonyezwa sasa, na ukitaka, kinakupa kitufe kimoja kinachobadilika chenyewe kila unapokibonyeza. Gharama yake ni ucheleweshaji wa sehemu mbili za kumi za sekunde kwa kila pigo. Kwa anayeanza hizo si kitu. Pakiti nyingi za makro zinazouzwa zinaahidi jambo hilihili, ambalo sasa lipo bure, limetengenezwa na wenye mchezo.

Sababu ya tatu ya kuanza na vya ndani inawahusu hasa wanaocheza kwenye saiba au kompyuta ya kuazima. Makro zako na mpangilio wa skrini hutunzwa kwenye seva. Ukiingia kwenye kompyuta nyingine, unavikuta. Viongezi havifanyi hivyo. Vinakaa kwenye diski ya kompyuta uliyotumia, na mipangilio yake inakaa kwenye folda nyingine iitwayo WTF. Ukihama kompyuta bila kunakili folda mbili, Interface na WTF, umepoteza kazi ya wiki. Flashi ya GB 4 inatosha kuzibeba, na ni bima ya bei nafuu kuliko zote nitakazozitaja hapa.

Makro moja, neno kwa neno

Andika /m kwenye sehemu ya maandishi, dirisha la makro litafunguka. Bonyeza ya kuunda mpya, chagua picha, kisha andika hivi, ikiwa mhusika wako ni kasisi mganga:

#showtooltip
/cast [@mouseover,help,nodead][] Flash Heal

Mstari wa kwanza unaiambia makro ionyeshe maelezo ya uchawi wenyewe ukipitisha kipanya juu yake. Mstari wa pili ndio kazi. "Cast" ni amri ya kutenda. Ndani ya mabano ya kwanza kuna masharti matatu: yule aliye chini ya kipanya changu, awe mwenzangu na si adui, na awe hai. Masharti yote yakitimia, uponyaji unakwenda kwake. Yasipotimia, mchezo unahamia kwenye mabano ya pili. Hayo ni matupu, yaani hakuna sharti, fanya kama kawaida kwa uliyemchagua.

Bila makro hiyo, kumponya mwenzio ni hatua mbili: umbofye, kisha ubonyeze uchawi. Nayo, ni hatua moja, na adui uliyemlenga hapotei. Nimehesabu: ni herufi 56 pamoja na nafasi na mstari mpya, kati ya 255 unazoruhusiwa. Badilisha jina la uchawi, umepata ya pili. Badilisha "help" iwe "harm", umepata ya adui. Mpwa wangu alizipata tatu kwa njia hiyo kabla chai haijapoa, na hizo tatu ndizo zile nzuri alizokuwa amezilipia.

Toleo la sasa lina hata kisanduku kwenye mipangilio ya mapigano kinachofanya kazi hiyo ya kipanya bila makro. Kwenye Classic utaiandika. Mimi nashauri uiandike popote ulipo, kwa sababu ukishaelewa mabano hayo mawili umeelewa karibu kila makro utakayoiona.

Kitu ambacho makro haiwezi ni kupiga mapigo matatu kwa kubonyeza mara moja. Matendo mengi yanafuatiwa na pumziko la kama sekunde moja na nusu, na makro haina amri ya kungoja katikati ya mapigo. Tangu sasisho la 2.0, mwishoni mwa 2006, wenye mchezo walifunga kabisa njia ya viongezi na makro kujiamulia vitani. Kubonyeza mara moja, tendo moja. Anayekuahidi zaidi ya hapo hauzi makro. Anauza roboti, nami nitafika huko.

Njia tatu za kupata viongezi

Ya kwanza ni kupakua kwa mkono. Unachukua faili lililobanwa, unalifungua, unaiweka folda ndani ya Interface, AddOns. Haina matangazo, haina programu inayoendelea kula bando usiku, na unajua kila kilichoingia. Gharama yake ni muda: mchezo ukisasishwa, inabidi urudi kukagua kimoja kimoja. Kwa mwenye viongezi vitano, ni kazi ya robo saa.

Ya pili ni programu-meneja ya bure yenye matangazo. Unabofya mara moja, vyote vinasasishwa. Ubaya wake ni kwamba inataka kuwaka pamoja na kompyuta, inakula kumbukumbu, na matangazo ya video yanakula data. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8, utaihisi. Ukiitumia, ingia kwenye mipangilio yake siku ya kwanza: zima kuwaka pamoja na kompyuta, zima kusasisha kiotomatiki, na uifunge kabisa kabla ya kucheza.

Ya tatu ni meneja hiyohiyo kwa ada ya mwezi, bila matangazo. Sioni mtu mwenye pesa ya kuhesabu akipata thamani yake hapo. Unalipa kila mwezi ili uepuke kitu unachokiona dakika mbili kwa wiki. Kama una pesa ya ziada na kiongezi fulani kimekufaa, mpe mtunzi wake mchango moja kwa moja, kwenye ukurasa wake nje ya mchezo. Wengi wao wamekaa usiku kwa miaka wakirekebisha kazi wasiyolipwa, na hilo ni deni la heshima.

Vya kuanzia visizidi vitano. Kimoja cha kuunganisha mifuko, kama Bagnon. Kimoja cha mnada, kama Auctionator, ukishalipia. Kwenye Classic, Questie, kinachoonyesha misheni kwenye ramani, kinakuokolea saa nyingi kuliko kingine chochote. Na BugSack, kinachokusanya makosa ya programu mahali pamoja, ili ujue kipi kimeharibika badala ya kukisia. Cha tano chagua mwenyewe.

Kwa vya mapigano, ngoja. Mwaka 2025 Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia toleo la Midnight itavizuia viongezi kusoma na kukokotoa taarifa za vita, na kwamba vifaa vya namna hiyo itavijenga yenyewe ndani ya mchezo. Watunzi wa kiongezi cha WeakAuras, ambacho kwa miaka kilikuwa karibu cha lazima kwa wapiganaji wa makundi makubwa, wakasema hawatatoa toleo la Midnight. Fikiria aliyekuwa amenunua pakiti ya mipangilio ya WeakAuras wiki moja kabla ya tangazo hilo. Pakiti za namna hiyo bado zinatembea mitandaoni kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa kwa kitu kisichofanya kazi bado ni ghali.

Hiyo ndiyo gharama iliyojificha ya kila kiongezi: uhai wake unategemea sasisho linalofuata. Ndani ya folda kuna faili lenye mwisho wa .toc, na karibu na juu yake kuna namba ya toleo la mchezo. Toleo la 11.0.7, kwa mfano, huandikwa 110007. Mchezo ukisonga mbele, namba inabaki nyuma, na kiongezi kinahesabiwa kimepitwa mpaka mtunzi akirekebishe. Kabla ya kupakua, angalia tarehe ya sasisho la mwisho. Kiongezi ambacho mtunzi hajakigusa mwaka mzima, usikijengee mazoea.

Pale akaunti inapopotea

Hakuna gharama inayozidi hii, kwa hiyo nipe subira.

Kiongezi halali kina maandishi, picha na sauti tu. Hakina kamwe faili lenye mwisho wa .exe. Ukiambiwa "bofya hapa ukisakinishe", futa. Januari 2014 kulitokea kirusi kilichojificha ndani ya nakala ya bandia ya programu-meneja maarufu ya wakati ule. Watu waliitafuta kwenye intaneti, wakaangukia kwenye ukurasa wa uongo, na akaunti zao zikachukuliwa hata kama zilikuwa na namba ya siri ya pili ya simu. Programu-meneja yoyote ipakue kwa kuandika anuani mwenyewe, si kwa kubofya tangazo la juu la matokeo ya utafutaji.

Mwaka 2016 ukaja mtego mwingine, na huu haukuhitaji faili lolote. Mtu anakuandikia kwa upole ndani ya mchezo, anasema ana siri ya kupata mnyama adimu wa kupanda, na anakuomba uandike mstari mmoja unaoanza na /run. Mstari huo ulikuwa unamfungulia mlango wa kuendesha amri kwenye skrini yako kwa mbali. Baadaye mchezo ukawekewa onyo linalojitokeza kabla ya amri ya namna hiyo kukubaliwa. Onyo likitokea, kataa. Makro ya kawaida huanza na /cast au /use. Ikianza na /run au /script, na hujui Lua, usiibandike, hata ikitoka kwa rafiki.

Kisha roboti. Programu ya Glider, iliyocheza mchezo badala ya mtu, iliuzwa kwa dola 25. Kesi kati ya Blizzard na kampuni ya MDY iliyoitengeneza ilifika mpaka mahakama ya rufaa ya Marekani, iliyotoa hukumu Desemba 2010. Kwa mnunuzi, lenye uzito zaidi ni lililotokea Mei 2015: zaidi ya akaunti 100,000 zilifungiwa miezi sita kwa kutumia roboti. Piga hesabu. Programu ya dola 25, pamoja na ada uliyolipia, pamoja na mhusika uliyemlea mwaka mzima. Hakuna roboti iliyowahi kuwa rahisi.

Kipanya, kibodi na "dawa ya ping"

Vipanya vyenye vitufe 12 pembeni vinapendwa, na kwa haki: dole gumba linafanya kazi ya mkono mzima. Cha kampuni yenye jina kinaanzia dola 60 hivi kwenda juu. Visivyo na jina hupatikana kwa theluthi ya bei hiyo au chini. Nimevitumia vyote. Cha bei ndogo kilianza kubofya mara mbili chenyewe baada ya miezi minane, na vitufe vya kati vilikuwa vimelingana kiasi kwamba dole halikujua liko wapi. Cha bei kubwa kina mwaka wa nne.

Hata hivyo sikushauri ukimbilie chochote kati ya hivyo. Kipanya cha kawaida kikiwa na vitufe viwili tu vya pembeni, pamoja na Shift na Ctrl, kinakupa matendo sita. Makro inaelewa sharti la [mod:shift], kwa hiyo kitufe kimoja kinabeba uchawi mmoja kikibonyezwa peke yake na mwingine kikibonyezwa na Shift. Jifunze hilo kwanza. Baada ya miezi mitatu utajua kama unahitaji vitufe 12 au ulikuwa unahitaji mazoea.

Ukinunua kipanya au kibodi yenye programu yake ya makro, soma hapa kwa makini. Kukipa kitufe kazi moja ni halali. Kukifundisha kubonyeza mfululizo wa matendo kwa kugusa mara moja kunavunja kanuni za mchezo. Novemba 2020 Blizzard ilipiga marufuku pia programu za kutuma kibonyezo kimoja kwa akaunti nyingi kwa wakati mmoja. Muuzaji wa duka atakusifia uwezo huo kama faida. Kwako ni njia ya kufungiwa akaunti.

Ikiwa una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua diski ya SSD. Mchezo wa sasa unataka kama GB 128 za nafasi, na kwenye diski ya zamani inayozunguka utasubiri kila unapoingia mji mpya. Hakuna kiongezi kitakachokusaidia hapo.

Na hakuna kiongezi, makro wala programu ya ada ya mwezi itakayoisogeza Mombasa karibu na Ulaya. Ping yangu, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, ni milisekunde 150 hadi 180 siku njema. Wapo wanaouza "vipunguza ping" kwa ada ya mwezi. Vinasaidia pale tu njia ya mtoa huduma wako inapozunguka vibaya. Njia ikiwa sawa, havipunguzi kitu. Jaribu siku zao za bure saa mbili za usiku, wakati mtaa mzima uko hewani, uandike namba kabla na baada. Bila tofauti ya kueleweka, acha. Mchezo wenyewe una mpangilio uitwao SpellQueueWindow, unaoruhusu pigo linalofuata libonyezwe milisekunde 400 kabla ya zamu yake. Tayari umewashwa. Wapo watakaokushauri uupunguze; ukiwa mbali na seva kama sisi, uache ulivyo.

Bando nalo lipangie. Kucheza kwenyewe hula data kidogo, na viongezi vingi ni vidogo kuliko wimbo mmoja. Mzigo ni kupakua mchezo na masasisho yake makubwa. Beba kompyuta uende mahali penye faiba, hata kwa rafiki, uipakue huko. Mpwa wangu alikuja nayo kwangu, tukaiacha usiku kucha.

Siku ya kulipa ada ya mwezi, mambo mawili. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu inafaa kuliko kadi ya benki yenye mshahara wako wote, kwa sababu unaweka kiasi cha siku hiyo tu. Lakini angalia kiwango cha kubadilisha fedha kabla ya kuthibitisha, maana ada ya ubadilishaji haionyeshwi kwenye ukurasa wa mchezo. Na usajili unajirudia wenyewe kila mwezi mpaka uuzime. Uzime siku ileile uliyolipa. Siku 30 ulizonunua hazikatwi, na mwezi ukiisha utaamua tena ukiwa na pesa mkononi.